Barua kutoka Tunduma: Magharibi ya Dar si Magharibi ya Huku

Tunduma, mkoani Songwe

Kaka yangu Maalim,

Natumai wifi na watoto hawajambo, na chuo chako hapo Ngamiani, Tanga, kimejaa kama kawaida. Mimi ni mzima, mpwa wako na mumewe ni wazima, na baridi ya huku nimeanza kuizoea kwa msaada wa sweta na chai ya tangawizi.

Uliniuliza kwenye simu kama watoto wa Kiislamu wa huku wanasoma dini. Sikutaka kukujibu kwa maneno mawili, maana nilichokikuta kimenishughulisha akili tangu nifike. Mjukuu wako wa darasa la sita alirudi kutoka shule na suala walilopewa na mwalimu wa kipindi cha dini. Bibi mmoja wa Tunduma amefunga. Anasikiliza redio ya Dar es Salaam kwenye simu yake. Redio ikiadhini magharibi, yeye anakula tende. Je, saumu yake imesihi? Mwalimu hakuwapa jibu. Aliwapa wiki nzima ya kulitafuta.

Laiti ungekuwapo nyumbani jioni ile. Mkwe wetu alisema adhana ni adhana, mtu afungue. Mpwa wako akasema twendeni uani tukatazame. Tukatoka sote, mimi nimejitanda kanga mbili. Simu ikaadhini, na jua bado liko juu ya mabati ya jirani, zima na jekundu, kila mtu analiona kwa macho yake. Mtoto akashika saa ya baba yake akaanza kuhesabu. Zilipita zaidi ya dakika 20 ndipo jua likazama. Usiku ule alichukua ramani ya kitabu cha jiografia: Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya digrii 39 na ushei, Tunduma digrii 32 na ushei. Tofauti ni digrii sita na nusu, na kila digrii moja jua hulipita kwa dakika 4. Hesabu inakuja dakika 26, huongezeka au hupungua kidogo kwa msimu. Basi yule bibi amekula mchana, na siku hiyo atailipa.

Hakulala mpaka alipouliza la pili. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja nzima. Jua likizama saa 12:40 kwa saa ya Tunduma, kule ukutani ni saa 11:40. Mtoto aliyefunga akivuka mpaka kwenda kwa shangazi yake, afungue kwa saa ipi? Akajijibu mwenyewe kwamba jua ni lile lile moja. Kaka, nimewafundisha darasa la sita kwa miaka mingi, na najua ni vigumu kiasi gani kumfanya mtoto aipende longitudo. Huyu aliipenda kwa sababu ya tende ya bibi.

Nikaomba ruhusa nikaketi nyuma ya darasa lao. Lakini kwanza nikueleze mji, kwa kuwa masuala ya mwalimu huyu yote yametoka mjini humu.

Tunduma ni mji wa malori. Ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya Zambia, na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, nayo inapita hapa kuvuka mpaka. Shaba ya Zambia na ya Kongo inateremka kwenda bandarini. Mafuta na bidhaa zinapanda. Tangu 2019 kipo Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, ambapo hati za nchi mbili zinakaguliwa sehemu moja, lakini foleni bado unaikuta, malori yamepangana kuelekea Mpemba, madereva na matingo wamekaa kivulini chini ya matela wanapika ugali. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake yako Vwawa, kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi. Wenyeji ni Wanyamwanga na Wanyiha, na ukipanda Ileje unawakuta Wandali na Wamalila. Wengi ni Wakristo, Wamoraviani, Walutheri na Wakatoliki. Waislamu ni wachache, na wengi wao wamefuata biashara na usafirishaji. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu wa Tunduma hakukulia kama wetu wa Tanga, ambao adhana inawaamsha kutoka pande nne. Yeye akikosea hakuna jirani kila mlango wa kumsahihisha, na akiulizwa na mwenzake darasani kwa nini halili hiki au kile, hana pa kukimbilia ila kichwa chake mwenyewe.

Mwalimu wao ni kijana anayetengeneza simu karibu na stendi. Kipindi cha dini anakifundisha kwa kujitolea. Chuo cha alasiri anacho pia, na huko watoto wanasoma Qurani kwa tajwidi na kuhifadhi kama tulivyosoma sisi. Kile kipindi cha shule ndicho alichokigeuza.

Siku niliyokaa darasani, suala liliandikwa ubaoni kwa chaki: Baba ni dereva. Ametoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Amekwama kwenye foleni ya Mpemba, hajui zamu yake itafika leo, kesho au mtondo. Adhuhuri atasali rakaa ngapi?

Darasa likapasuka. Mvulana mmoja wa mbele, ambaye baba yake ni dereva kweli, akasema mbili, kwa sababu ni msafiri. Mwingine akamkatalia: amekaa mahali pamoja siku tatu, anapika na kufua, huo ni usafiri gani? Msichana wa dawati la dirishani akanyoosha kidole kwa utulivu kabisa, akauliza, "Mwalimu, huyo baba kwao wapi? Baba yangu mimi pia ni dereva, lakini nyumba yetu iko hapa Sogea. Akifika kwenye foleni amefika kwao." Mwalimu hakumwambia umepatia. Aliugawa ubao kwa mstari, upande mmoja wanayoyajua, upande wa pili wasiyoyajua, akaandika swali la yule msichana upande wa pili. Chini yake yakafuata mengine waliyoyatoa wenyewe: safari iwe ya umbali gani? Akinuia kukaa siku ngapi anakuwa mkazi? Na asiyejua ataondoka lini ana hukumu gani? Kila kundi likachukua swali moja, likapangiwa pa kuuliza: imamu, kitabu cha fiqhi, au baba mwenyewe kwa simu akiwa njiani.

Wiki iliyofuata nilirudi. Mtoto mmoja alikuja na karatasi aliyoandika huku akizungumza na baba yake aliyekuwa Ndola. Kundi la imamu lilikuwa na jibu zima, wewe unalijua: katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika na atasali kamili, lakini anayetarajia kila siku kwamba shughuli itakwisha aondoke, hupunguza mpaka siku kumi na nane. Na aliyefika mjini kwao amefika, hata kama lori bado liko barabarani. Kwa hiyo madereva wawili kwenye foleni moja, matela yamegusana, mmoja anasali mbili na mwenzake nne, na wote wawili wako sahihi. Nilizitazama nyuso za watoto wakati hilo lilipowaingia. Walifurahi. Kisha yule mvulana wa mbele akauliza jambo ambalo hata mwalimu aliahidi kwenda kulitafuta: na tingo, ambaye hajui safari inapangwa vipi na anamfuata dereva tu, nia yake ni ipi?

Hapo ndipo nilipoelewa ari ya mtoto inatoka wapi. Sisi tumezoea njia mbili za kumfanya asome, bakora na zawadi. Bakora sitaizungumza, tumekwishabishana mimi na wewe. Zawadi nayo ina kasoro yake. Mwaka 1971 msomi wa Marekani, Edward Deci, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mafumbo ya kuunganisha vipande, baadhi akawalipa fedha. Waliolipwa, malipo yalipokoma, hamu yao ya kuendelea na mafumbo ilipungua. Mtoto wa Tunduma hajapewa pipi wala hajatishwa. Amepewa jambo linalomhusu baba yake, akaonyeshwa kwamba dini ina jibu lake, na kwamba yeye ana uwezo wa kulifikia. Kipindi kilichofuata aliingia darasani mbio.

Usidhani njia hii ya kuanza na suala ni ya Wazungu tu. Chuo cha udaktari cha McMaster, kule Kanada, kilipata sifa kuanzia mwaka 1969 kwa kuwafundisha madaktari kwa kuanza na mgonjwa na maradhi yake kabla ya vitabu, na Howard Barrows aliieneza njia hiyo duniani. Lakini Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alikuwa mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Kufa, na halaka yake ilikuwa hivyo hivyo: analiweka suala mbele ya wanafunzi, wanajadiliana, pengine kwa siku nyingi, kisha ndipo jawabu linaandikwa. Na Qurani yenyewe iliteremka kwa muda wa miaka 23 au karibu yake, na aya nyingi zilikuja watu wakiwa wameuliza, kuhusu miezi, kuhusu mayatima, kuhusu ulevi, kuhusu watoe nini katika mali zao. Swali lilitangulia. Sisi ndio tuliokuja kumpa mtoto majibu ya maswali ambayo hajawahi kujiuliza, kisha tukamlaumu kwa kusinzia.

Pwani yetu pia ilikwishapata mfano. Bi Swafiya Said alianza Mombasa mwaka 1986, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, shule za awali za madrasa ambamo watoto wadogo wanajifunza dini na masomo ya dunia kwa kushika, kucheza na kuuliza. Kazi ile ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mama yule hakuitoa Qurani darasani ili kuingiza michezo. Alivichanganya, na wazazi wa madrasa wakakubali. Ila zile ni shule za awali. Mtoto akifika darasa la nne, la tano, akili yake inapoanza kudai sababu, ndipo tunapomrudisha kwenye kuitikia kwa pamoja. Hilo linanisikitisha.

Nikupe somo moja zaidi, nililitazama kwa karibu kuliko yote. Tunduma maji ni shida. Watu wananunua kwa ndoo, na pale shuleni bomba likikauka watoto wanakuja na madumu kutoka nyumbani. Suala lilikuwa: una chupa moja ya maji ya nusu lita, na adhuhuri imeingia. Utatawadha au utatayamamu? Karibu wote walisema tayamamu. Mwalimu akamwita msichana mmoja mbele, akatoboa kifuniko cha chupa kwa msumari, akamwambia ajaribu. Darasa likanyamaza. Aliyamimina maji kidogo kidogo kwenye kiganja cha kulia, akaosha viganja, akasukutua, akapandisha puani, akaosha uso mara moja tu, kidevu mpaka paji, akipitisha vidole pembeni mwa masikio ili pasibaki pakavu. Mikono mpaka juu ya viwiko. Akalowesha mkono upya, akapaka kichwa. Mguu wa kushoto alipoumaliza, akiingiza kidole kati ya vidole vya mguu, aliinyanyua chupa kuielekeza dirishani. Maji yalikuwa yamebaki, kama upana wa vidole viwili.

Ndipo mwalimu akawaeleza kwamba imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu lita, na kwamba faradhi ni kuosha mara moja, mara tatu ni sunna. Na tayamamu haiji mpaka maji yakosekane au yadhuru. Mtoto mmoja akauliza, je, chupa ile ikiwa ndiyo maji pekee ya kunywa ya mdogo wake? Unaona, kaka, sharti la fiqhi limetoka kinywani mwa mtoto kabla halijasomwa kitabuni. Nguzo na sunna za udhu nimezisikia zikiimbwa na watoto maisha yangu yote. Sijawahi kuona zikifahamika namna ile.

Najua utakalosema. Utasema watoto hawatoi fatwa, na kwamba ukimzoesha mtoto kujadili hukumu atakuja kujadili hata yasiyojadiliwa. Nililiuliza jambo hilo. Kijana alinijibu kwamba watoto hawaamui hukumu. Wanaitafuta kwa wenyewe, na jambo la mwisho katika kila suala ni kulipeleka kwa imamu. Mimi naongeza lingine, kwa kuwa si busara kuisifia njia hii kupita kiasi. Mwaka 2006 watafiti watatu, Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark, waliandika makala ya kukosoa mafundisho yanayomwachia mwanafunzi atafute mwenyewe bila mwongozo wa kutosha. Asiye na msingi, walisema, anapotea na kuchoka. Wana haki. Mtoto asiyejua Fatiha huwezi kumpa suala akaigundua. Kusoma kwa ulimi, kurudiarudia, kuhifadhi, mahali pake pako pale pale, na ndiyo maana chuo cha alasiri ni lazima. Watoto wale waliweza kujadili sala ya msafiri kwa sababu idadi ya rakaa za kila sala walikuwa nayo kichwani tangu wadogo.

Na njia hii inamtaka mwalimu awe na elimu nyingi zaidi. Anayesoma kitabu ukurasa kwa ukurasa anajua kesho ataulizwa nini. Huyu hajui. Kijana wetu alisema usiku wa kuamkia kipindi halali mapema, anapitia vitabu, anampigia simu sheikh wake. Kuna suala la wabadilisha fedha ambalo bado analiandaa, maana baadhi ya watoto hawa wazazi wao wanasimama mpakani na mabunda ya kwacha na shilingi. Mtu akikupa kwacha leo ukamwahidi shilingi kesho, mmeingia kwenye riba au hamjaingia? Sharia inataka kupokezana papo kwa papo. Lakini kuliingiza hilo darasani bila kumtia mtoto katika ugomvi na baba yake kunahitaji hekima, na amelisubirisha mpaka azungumze na wazazi kwanza. Nimempenda kwa hilo.

Suala lingine ni la ujirani. Mtoto amealikwa sikukuu nyumbani kwa rafiki yake Mkristo, na sufuria la pale jana lilipika kitimoto. Afanye nini? Nilidhani watazungumzia najisi tu na kuosha mara saba. Muda mwingi waliutumia kwenye adabu: utakataa vipi bila kumvunjia heshima mama wa watu aliyekukaribisha? Wakaigiza. Mmoja akawa mama mwenyeji, mwingine mgeni. Katika mji kama huu elimu hiyo mtoto anaihitaji kila wiki.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Serikali yetu haina dini, na Ibara ya 19 ya Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Shule inatoa kipindi na chumba; mwalimu na vitabu ni juu ya waumini wenyewe. Hilo ni sawa, na linatuachia sisi mzigo. Kule Indonesia somo la dini ya Kiislamu linafundishwa katika shule za serikali na walimu wanaolipwa, na mitaala yao imekuwa ikiwahimiza watumie njia hii ya kuanza na tatizo. Huku kijana anafunga kibanda chake cha simu saa za biashara, anatembea mpaka shuleni, anafundisha, anarudi, na mteja amekwenda kwa fundi mwingine. Chaki ananunua mwenyewe. Tumejenga misikiti mizuri, kaka, yenye vigae na feni, na mwalimu wa watoto hatujampa nauli. Huo ni upungufu wetu, wala tusimtafute mwingine wa kumbebesha.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni lako mwenyewe: chukua suala moja la hapo Tanga, la mtoto wa mvuvi wa Sahare ambaye baba yake yuko baharini wakati wa Ijumaa, uwape wanafunzi wako wakubwa, na usiwajibu kwa wiki moja. Uniandikie yaliyotokea. La pili, Ijumaa hii wasomee jamaa wa msikitini barua hii, kisha waombe wachange, kila mwezi, kiasi cha kumwezesha mwalimu mmoja wa kipindi cha dini afundishe bila kupoteza mkate wa siku hiyo. Waanze na shule iliyo karibu nao. Wakiweza zaidi, namba ya kamati ya msikiti wa huku ninayo, nitawatumia.

Wasalimie wote.

Wassalaam,
Dada yako